Mashine Iliyosubiri Marahaba

Msalato, Dodoma
11 Novemba 2024

Shangazi Angelina,

Shikamoo. Nakuandikia asubuhi, nimekaa mlangoni mwa chumba changu nasubiri chai ichemke. Vumbi la huku halina adabu, limeshapiga hodi kila nyumba kabla ya watu kuamka. Mvua bado. Nikifumba macho, mitambo ya kule uwanja mpya wa ndege inasikika kama mtu anasaga uwele mbali sana, na kwa kitambo nasahau niko wapi. Mimi ni mzima. Eliakimu, yule ninayekaa naye meza moja kazini, anakusalimu na anaulizia karanga.

Ndugu yetu Bartolomayo alinipigia kutoka Mwanza. Ameota ng'ombe wa ranchi wamekaa kivulini wanasoma gazeti, mmoja anawasomea wenzake. Alitaka kuiandika ndoto hiyo kwenye blogu yetu lakini ukurasa haufunguki. Ndipo nikajua mashine yako inayoibeba imezima tena. Kwenye simu ulisema ni radi. Nimeshangaa kidogo, shangazi, maana hata huko Kongwa mvua haijanyesha.

Sitaki blogu ife. Bibi alipokuwa hai, nyumbani kwake hakuna aliyekunywa maji asubuhi kabla ya kusimulia alichoota. Aliyelala bila ndoto alisema hivyo hivyo, kisha akapewa kikombe. Sasa tumetawanyika, na blogu yetu ya "Kabla ya Maji" ndicho kikao chetu kilichobaki. Nilitaka kuiweka kwenye seva za kukodi ukakataa, ukasema ndoto za watu hazilazwi nyumba ya kupanga. Nikakuletea ile kompyuta ya zamani, nikaiwekea Linux, tukaiweka mezani karibu na dirisha lako. Lakini imezeeka, na ikizimika ghafla vitu vyake vinavurugika. Kila mara imebidi nije niisakinishe upya kwa mkono: kwanza Linux yenyewe, halafu seva ya kurasa, halafu hifadhidata ambamo ndoto zinalala, halafu programu ya blogu, halafu nywila na ruhusa za kila kitu.

Safari hii sitakuja. Amri zote hizo nimeziandika kwa mpangilio katika faili moja, sisi tunaiita skripti. Mashine itaisoma yenyewe kutoka juu hadi chini na kujijenga bila mimi, na mwisho itarudisha nakala za ndoto zote, kwa kuwa nimezihifadhi. Flashi iko ndani ya bahasha hii, basi litaiacha kwa Optatus pale stendi. Chomeka, washa, subiri. Ni hivyo tu.

Msalimie Mama Batuli.

Mwanao,
Sila


Nyumbani, Kongwa
30 Novemba 2024

Mwanangu Sila,

Marahaba. Barua yako ilikaa kwa Optatus kwa sababu alikwenda msibani na ufunguo wa duka. Nilimwambia barua ya mtu ni kama maziwa, haikai. Amecheka tu.

Tuko wazima. Shamba nimelitayarisha na mbegu ziko kwenye kibuyu, tunatazama mawingu yanavyokuja na kubadili nia. Mama Batuli jirani yangu bado anachoma vitumbua pale mlangoni, na bado anatamani kwao Kondoa. Juzi ameota vilima vya kwao vimekuja kumtembelea. Vimesimama uani vyote, vikubwa, vimetulia, na yeye anahangaika kwa sababu hana viti vya kutosha. Alinisimulia kabla hajagusa maji, ingawa yeye si wa ukoo wetu. Mila yetu imemwingia.

Kuhusu radi, umesema kweli, mvua haikuwapo. Basi watakuwa panya.

Nimechomeka flashi yako. Mashine imefikiri, imefikiri, halafu ikaniuliza kwa Kiingereza kama nataka ifute kila kitu, ndiyo au hapana. Sila, nimefundisha darasa la kwanza mpaka nywele zikabadilika rangi, na sijawahi kuingia darasani nikaanza na swali. Kitu hakijaniamkia, hakijauliza nimeamkaje, kinataka ruhusa ya kufuta. Nimekizima.

Wewe ulipokuwa unakuja kwa mkono, uliniamkia, ukala, ukauliza habari za mbuzi, ndipo ukakaa mbele ya kompyuta. Kazi ikawa inakwenda huku unanisimulia mambo ya mjini. Hiyo ndiyo namna ninayoijua ya kusakinisha blogu. Sijui kama kuna nyingine.

Jambo moja zaidi. Hujaandika ndoto yako hata moja tangu miezi ile ya mavuno. Wenzako wote wanaandika. Huoti, au husemi? Na unakuja lini?

Shangazi yako,
Angelina


Msalato, Dodoma
19 Desemba 2024

Shangazi,

Shikamoo sana. Umenichekesha, na umenitia aibu pia. Swali lile si langu, ni la programu ambayo kila mtu duniani anaitumia na hakuna aliyewahi kulalamika. Wewe ni wa kwanza.

Mvua imefika hapa juzi, kwa kelele nyingi na maji kidogo. Barabara imelowa juu tu, chini bado ni vumbi. Nasikia Kongwa mmepata nzuri. Mungu ashukuriwe.

Nakutumia flashi nyingine. Sasa mashine itaongea Kiswahili, na kitu cha kwanza kitakachotokea kwenye kioo ni "Shikamoo shangazi." Kufuta haitauliza tena. Nimeipa akili ya kutazama kwanza: ikikuta kitu kipo na ni kizima inakiacha, ikikuta hakipo inakiweka. Ni kama mtu anayeingia jikoni, akikuta moto unawaka hawashi mwingine. Unaweza kuiendesha hata kila siku na haitaharibu chochote. Hilo ndilo lililonichukua muda mrefu, na ndilo ninalojivunia.

Krismasi sitaweza kuja. Kazi ni nyingi na wenzangu wengi wameomba likizo. Nitakula pilau kwa akina Eliakimu, Chamwino.

Naomba pia cheti changu cha kuzaliwa, kile ulichokiweka sandukuni. Kinahitajika kwa karatasi fulani za kikazi. Mpe Optatus akiweke kwenye basi.

Kuhusu ndoto, nalala nimechoka.

Mwanao,
Sila


Nyumbani, Kongwa
14 Januari 2025

Mwanangu,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya. Mvua imetukumbuka. Uwele umeota, karanga zimeota, hata kwenye yale mabati ya zamani ya mradi wa karanga wa wazungu kumeota majani. Watoto wa kanisani wameimba vizuri Krismasi. Nilikupakulia sahani yako nikaifunika, mchana nikampa Mama Batuli, akaila kwa niaba yako akasema chumvi imezidi.

Flashi ya pili nimeiona. Nakupa hongera, Kiswahili chake ni kizuri. Imesema "Shikamoo shangazi," nami nikatabasamu peke yangu kama mwehu. Lakini kabla sijafungua mdomo kuitikia, imeshaanza kukimbia. Mistari inashuka, inashuka, inajisemesha mambo yake. Shikamoo isiyongoja marahaba ni ya nani? Hiyo ni ya mtoto anayepita mbio akienda dukani, anakupigia kelele na mgongo ameshakupa. Nikaichomoa.

Usiseme shangazi amezeeka anatafuta sababu. Nina sababu na nitakwambia. Baba yako Raphael alikuwa mdogo wangu, nilimbeba mgongoni, na alikuwa mtu wa haraka. Mama yako alikuwa ameshazikwa na wewe ulikuwa unatambaa. Asubuhi moja niliamka nikakuta mlango umerudishiwa, na mezani kuna kikombe kitupu, chini yake bado kuna unyevu. Alikunywa maji bila kusimulia. Nikaja kusikia kwamba amekwenda kaskazini migodini. Mara moja alituma salamu kwa dereva wa lori, halafu basi. Watu wananiuliza kama yuko hai, sijui. Mimi kinachoniuma ni kidogo kuliko hicho. Mpaka leo sijui aliota nini usiku ule.

Kwa hiyo haraka za watoto wa Raphael naziogopa. Kama mashine yako inataka kunisalimia, na ingoje nijibu.

Cheti nimekiona. Kipo sandukuni, kimekaa vizuri.

Shangazi yako


Msalato, Dodoma
9 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia. Habari ya kikombe sikuwa naijua. Uliniambia baba alisafiri, na mimi nikakua nikiamini kwamba aliaga.

Huku ni kijani. Hata Msalato, ukiamka mapema kabla ya magari, unaona umande kwenye nyasi na kilima kimejifunika ukungu, na mji unakuwa haupo kabisa. Napenda kukaa hapo nisifikirie kitu. Halafu jua linatoka na mji unarudi mahali pake.

Flashi ya tatu ndiyo hii. Mashine itasema shikamoo, kisha itasimama. Haitafanya lolote mpaka uandike marahaba kwenye kibodi. Eliakimu ameuona mstari huo kwenye kioo changu akacheka mpaka watu wakageuka. Anasema maana yote ya skripti ni mtu asihitajike, na mimi nimeandika kitu cha kujiendesha chenyewe ambacho kinamsubiri bibi mmoja Kongwa amalize shughuli zake. Nikamwambia hamjui huyo bibi.

Kuhusu wale panya. Nilipokuja mara ya mwisho nilikuta waya wa umeme umechomolewa, umekunjwa mara nne na kutundikwa kwenye msumari. Panya wa huko wamelelewa vizuri.

Sasa nakuomba, andika marahaba, blogu ifunguke. Ndugu wanaiulizia. Na nakumbusha cheti, shangazi, muda unakwenda.

Mwanao,
Sila


Nyumbani, Kongwa
2 Machi 2025

Sila,

Marahaba kwako wewe. Panya hawajambo, wamesikia salamu zako.

Nimechomeka flashi ya tatu. Imesema "Shikamoo shangazi," na imesimama. Kuna kijistari kidogo kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, kama mtoto aliyetumwa akasahau alichotumwa. Ni adabu nzuri. Nimevuta kiti nikaitazama muda mrefu, mvua ikinyesha dirishani.

Sijaiitikia. Kila asubuhi nikifungua dirisha naiwasha, inaniamkia, tunatazamana, halafu naizima. Mama Batuli alitaka kunisaidia, alishanyoosha kidole. Nikamwambia wewe si shangazi yake.

Cheti bado kimekaa vizuri. Nawe unajua kinahitajika kwa nini, na mimi pia si mjinga. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

A.


Msalato, Dodoma
27 Aprili 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu. Barua hii nimeianza mara kadhaa nikaichana.

Mashamba ya zabibu huku Dodoma yamechanua na watu wanasema mwaka ni mzuri. Nadhani kwenu uwele unakaribia. Nasema hivi kwa sababu sijui nianzie wapi.

Nimepata kazi Ufini. Ni nchi ya baridi, mbali sana, na kuna majumba makubwa wanamoweka seva, maelfu kwa maelfu, kwa sababu baridi inazipoza bure. Kazi yangu itakuwa hii hii niliyokufanyia wewe: kuandika amri ili mashine zijijenge zenyewe bila mtu kuzigusa. Mkataba ni wa miaka miwili na unaweza kuongezwa. Naondoka katikati ya Juni, nikipata pasi ya kusafiria, na pasi inataka cheti.

Ndiyo maana nimeandika skripti. Sikutaka blogu ife siku ambayo sitaweza kuja. Nilifikiri nikikuachia kitu kinachofanya kazi yangu, itakuwa kama sijaondoka. Nilijua kuhusu waya tangu mwanzo, shangazi. Nilikuwa nakuja kwa sababu nilijua. Ulikuwa unaniita na mimi nilikuwa naitika, na hakuna aliyehitaji kusema.

Kuja kukuaga siwezi. Nimejaribu kuwaza nimekaa mezani pako asubuhi ya mwisho na nimeshindwa kumaliza wazo lenyewe. Utaniambia nenda, nami nitakuona unavyolisema. Nitumie cheti kwa basi, nisamehe, na uandike marahaba.

Umeniuliza kama huwa naota. Naota. Nilikuwa sitaki kuandika kwa sababu kila ndoto ilikuwa ya safari, na ungejua.

Mwanao,
Sila


Nyumbani, Kongwa
11 Mei 2025

Mwanangu Sila,

Marahaba. Tunavuna. Ndege wanatusumbua kwenye uwele, nakaa shambani tangu jua halijatoka, napiga debe na kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya. Ndege wanaondoka, sijui ni debe au ni sauti.

Nenda. Nimelisema, na limeandikwa kwa mkono wangu, huwezi kuona ninavyolisema. Nenda kwenye baridi yako ukafanye kazi yako. Sikukulea ili nikuweke kwenye kibuyu na mbegu. Nikisikia kwamba mtoto niliyemfundisha a, e, i, o, u amevuka bahari kwa sababu ya anachokijua, nitatembea Kongwa nzima kichwa juu, na Optatus atanikoma.

Lakini sikia. Umenitengenezea kitu kizuri kuliko vyote ulivyowahi kunitengenezea. Kinaniamkia kwa jina lako kila asubuhi, kinangoja, hakichoki. Kama ningekuwa mtu wa kudanganyika, ningeandika lile neno moja na tungeishi hivyo, wewe huko na mimi hapa, kila mmoja amesalimiwa na mashine. Siwezi. Marahaba yangu ni ya mtu aliyesimama mbele yangu. Ndugu wa Mwanza watasubiri ndoto zao, nimeshawaambia sababu. Bartolomayo amesema ng'ombe wake wana subira.

Nilishanyimwa kuagwa mara moja na mtu niliyemlea. Sitaki mara ya pili, Sila. Naogopa usije ukawa yeye, na sijawahi kukuambia hivyo kwa sababu ulikuwa mtoto na halikuwa kosa lako. Sasa wewe ni mkubwa na nakuambia.

Cheti hakipandi basi. Anayekitaka anajua mlango.

Shangazi yako,
Angelina


Msalato, Dodoma
22 Mei 2025

Shangazi,

Nilianza barua hii kwa kukuamkia, nikakata. Naileta mwenyewe Jumamosi.

Sila


Nyumbani, Kongwa
20 Julai 2025

Mwanangu Sila,

Nakuandikia anwani hii ndefu uliyonipa, herufi zake nyingine zina vitone juu, nimezinakili kama nachora. Optatus ameitazama bahasha akauliza kama huko kuna watu kweli. Nikamwambia sasa yupo mmoja.

Hapa ni kipupwe. Asubuhi najifunika mablanketi mawili, halafu nakukumbuka na kuona haya. Uwele umejaa ghalani. Mama Batuli amekwenda Kondoa hatimaye, kavitembelea vile vilima, amerudi anasema ni vidogo kuliko alivyoviota.

Nataka kukuandikia ile Jumapili, ingawa ulikuwepo. Nikiiandika inakaa.

Ulipofika Jumamosi jioni na kusimama mlangoni na begi lako, ukasema shikamoo. Nikaitikia. Nilikuwa nimejipanga kukugombeza kwanza na nimesahau maneno yote. Tulikula mlenda na ugali wa uwele, ukalala kwenye kitanda chako ambacho miguu inatokeza.

Asubuhi ulikuja mezani. Kikombe kilikuwepo, kimejaa, na ulikitazama kabla ya kukaa. Najua ulikuwa unawaza kikombe gani. Halafu ukasimulia. Ulisema umeota uko gizani na una kibodi tu, na kila mstari uliouandika, ukuta mmoja wa nyumba ya bibi ulisimama. Ukaandika mlango, ukasimama. Ukaandika moto jikoni, ukawaka. Nyumba ikakamilika, ikawa nzuri, na mtu akapiga hodi nje. Wewe ukawa unatafuta amri ya kufungua na huioni.

Nikakuuliza sauti ilikuwa ya nani. Ukasema hujui, ilikuwa ya mwanamume, haikuwa na haraka.

Nilikupa maji ukanywa. Ukayanywa yote, taratibu, na mimi nikakutazama koo likipanda na kushuka. Kuna kitu kilichokuwa kimekaa kifuani mwangu tangu unatambaa, na asubuhi ile kilitoka. Nililia baada ya wewe kwenda, si kabla, na ulikuwa uamuzi wangu. Cheti ulikitia mfukoni karibu na moyo. Mashine hukuigusa. Uliipita mezani, ukanitazama, ukasema tu kwamba hiyo ni yangu.

Gari lako lilipokata kona pale kwa Optatus, nilirudi ndani nikaiwasha. Ikasema "Shikamoo shangazi," ikasimama. Nikaandika marahaba kwa kidole kimoja, nikakagua kama nimekosea, nikabonyeza. Basi, ikaanza. Mistari ilishuka kama mvua ya Januari, na safari hii sikuona kama inakimbia. Iliweka seva, ikaweka hifadhidata, ikakuta saa iko sawa ikaiacha, kama ulivyosema, haikuwasha moto mara mbili. Mwisho ikaandika kwamba imemaliza. Nikafungua ukurasa, na ndoto zote zilikuwa mahali pake, za miaka yote, hata ile ya marehemu bibi ya mbuzi aliyevaa miwani. Nimeiweka yako juu kabisa. Bartolomayo ameandika chini yake kwamba mwenye nyumba asitafute amri, afungue kwa mkono.

Tangu siku hiyo haijazimika. Waya uko ukutani. Panya wamehama, nadhani wamekosa kazi.

Sasa nimesoma ujumbe wako. Umesema huko unaamka jua liko juu na kulala jua halijatua, hujui asubuhi ni ipi, na unaogopa siku moja utasahau kunisalimia. Umesema unaweza kuandika skripti nyingine, fupi tu, ambayo kila alfajiri ya Kongwa itaniamkia kwa jina lako hata kama wewe umelala.

Usiiandike.

Mashine ijisakinishe yenyewe, nimekubali, ni kazi nzuri. Ijifunge, ijifungue, ijihifadhi nakala. Lakini shikamoo yako uilete kwa mkono. Siku nyingine utachelewa, nami nitasubiri, kungoja nimejifunza kwa kile kijistari. Na siku utakayosahau, Sila, nataka nijue kwamba umesahau.

Ni asubuhi hapa. Kikombe kiko mbele yangu, kimejaa. Mimi nimeota uwele unavunwa kwenye theluji, na wewe ndiye unayepiga debe. Nimeshasimulia.

Wewe umeota nini?

Shangazi yako,
Angelina